Mazingira ni Bei Gani?

Ukipita madukani George Street siku hizi, kila kilichoandikwa "rafiki wa mazingira" kina bei yake: mswaki wa mianzi, sabuni ya kipande, fulana ya pamba isiyopuliziwa dawa. Sisi wanafunzi tunaolipa kodi ya chumba kwa kazi za usiku tulikaa tukaulizana: je, inalipa?

Tulianza na kikombe. Mwenzetu mmoja alinunua kikombe cha kahawa cha kutumia tena kwa dola 25. Akienda nacho mkahawani, hupunguziwa senti 50. Basi anahitaji kahawa 50 ili pesa yake irudi. Akinywa moja kila siku ya masomo, muhula ukiisha atakuwa amefika, asipokisahau kwenye treni ya Blacktown.

Hesabu ya umeme ni ngumu zaidi. Paneli za sola hupunguza bili, lakini familia zetu nyingi zimepanga. Paa ni la mwenye nyumba, bili ni yetu. Mwenye pesa ya kuanzia hubana matumizi baadaye. Asiye nayo huendelea kulipa. Hapo ndipo tunapoona dhuluma, wala si kwenye mswaki.

Tena asubuhi ya Jumamosi hapa mjini utawaona watu wazima wakipekua mapipa kutafuta makopo. Tangu Desemba 2017, mpango wa Return and Earn hulipa senti 10 kwa kopo au chupa. Makopo 100 ndiyo dola 10. Wanasafisha jiji, na hakuna anayewaita wanamazingira.

Nyumbani nako, mama zetu hawajawahi kununua "maisha ya kijani". Kopo la aiskrimu huoshwa likawekwa maharage (sote tumeshafungua tukitarajia aiskrimu!). Nguo ya kaka humfikia mdogo wake. Na kikapu cha ukindu hakikungoja sheria. New South Wales ilipiga marufuku mifuko myepesi ya plastiki 1 Juni 2022. Tanzania Bara ilishafanya hivyo 1 Juni 2019, miaka 3 kamili kabla. Kenya ilitangulia, 28 Agosti 2017, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Ndugu zetu wa Sydney wanaolalamikia senti za mfuko wa karatasi, mpo?

Lakini kuosha makopo, kushona na kubeba ni kazi, na majumbani mwetu kazi hiyo huwaangukia akina mama na dada. Hiyo nayo ni gharama, ingawa haiandikwi kwenye risiti.

Sahani za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku hapa tangu 1 Novemba 2022, na za karatasi hulowa mchuzi. Kwa hiyo kwenye karamu ya chama mwezi ujao kila mtu aje na sahani yake kutoka nyumbani. Sufuria za pilau ni za chama. Wavulana, zamu ya kwanza ya kuosha ni yenu.