Maji ya Nairobi yategemea jembe la mkulima wa milimani

Mkazi wa Nairobi afunguapo mfereji, ni nadra akumbuke mkulima wa Murang'a. Hata hivyo, takriban asilimia 95 ya maji ya jiji hutoka katika bonde la juu la Mto Tana, kwenye miteremko ya milima ya Aberdare. Huko ndiko liliko bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70.

Tangu miaka ya 1970, mashamba yamepanda hadi kwenye miteremko mikali na kuingia katika ardhi chepechepe zilizokuwa zikichuja maji. Mvua inaponyesha juu ya udongo usio na kizuizi, udongo huo huporomokea mtoni. Mkulima hupoteza rutuba, bwawa hujaa tope, na mitambo ya kusafishia maji huhitaji dawa zaidi, gharama ambayo jiji hulazimika kuibeba.

Kwa sababu hiyo, Hazina ya Maji ya Upper Tana-Nairobi ilizinduliwa mwaka 2015, ikishirikisha kampuni ya maji ya jiji na ile ya kuzalisha umeme, KenGen. Badala ya kungoja tope lifike mtamboni, hazina hiyo huwasaidia wakulima kulizuia shambani: kuchimba matuta, kupanda nyasi za nepia kwenye kingo zake, kurejesha miti kandokando ya mito na kuchimba vidimbwi vya kuvunia maji ya mvua. Uchunguzi wa mwaka huo ulikadiria kwamba dola milioni 10 zikitumiwa katika kazi hiyo, zingeleta manufaa ya dola milioni 21.5 katika muda wa miaka 30.

Lakini tuta huchimbwa kwa jasho, na mwenye robo ekari hupunguza nafasi ya mahindi ili apande nyasi. Si haki kumtaka afanye hivyo kwa ajili ya jiji pekee. Nepia humfaa kwa kuwa ni lishe ya ng'ombe, na kidimbwi humwezesha kunyunyizia mboga wakati wa kiangazi; pasipo faida hizo, matuta yangeachwa yabomoke.

Bila shaka, matuta hayazibi mabomba yanayovuja jijini. Hiyo ni kazi ya Nairobi yenyewe.