Reli ilipoiacha Ujiji: Somo kwa wakulima wa Kidahwe

MFANYABIASHARA wa mawese anayefika njiapanda ya Kidahwe na madumu yake ana uamuzi wa kufanya. Barabara moja ya lami inakwenda Kasulu, nyingine inakwenda Uvinza, na ya tatu inateremka Kigoma mjini, umbali wa kilomita zipatazo 28, kwenye stesheni ya treni na bandari.

Lori humfuata hapo hapo njiapanda. Treni haimfuati, yeye ndiye huifuata. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini historia ya mkoa huu inaonyesha kwamba stesheni inapowekwa ndipo soko linapohamia.

Ujiji yapoteza nafasi

Kabla ya reli, jina kubwa katika mwambao huu lilikuwa Ujiji. Hapo ndipo misafara kutoka Bagamoyo ilipokomea, na ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914, safari ya kilomita zipatazo 1,250.

Kwa nini haikuishia Ujiji? Sababu ni maji. Ufukwe wa Ujiji ni wa kina kifupi, wakati ghuba ya Kigoma ina kina kirefu na imejikinga na upepo. Meli kubwa ilihitaji mahali pa kufunga gati karibu na behewa. Kigoma, ambayo wakati huo ilikuwa ndogo kwa Ujiji, ikawa mji mkuu wa biashara ya ziwa.

Vipande vya meli ambayo leo tunaiita MV Liemba vilifika kwa reli hiyo, vikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1921 Ubelgiji nayo ilipewa eneo Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi.

Stesheni ilivyopangwa

Siri ya Kigoma ipo katika mpangilio wake. Jengo la stesheni, lenye matao ya Kijerumani, lipo chini ya barabara kuu ya mji, na reli zinaendelea hadi bandarini. Mzigo wa Kongo au Burundi hutoka melini na kuingia kwenye behewa bila kupita mjini.

Stesheni ndogo za njiani, kama Luiche na Kandaga, zina kazi nyingine. Reli hii ni ya njia moja, hivyo treni mbili haziwezi kupishana ila mahali penye njia ya pembeni. Kwa sababu hiyo stesheni nyingi ziliwekwa kwa mahitaji ya treni kwanza, mahitaji ya wanakijiji baadaye. Hata hivyo, treni inaposimama wanawake huja na ndizi na vyakula vingine, na soko la dakika chache huzaliwa dirishani.

Uvinza ilikuwa na bahati zaidi. Chumvi yake iliuzwa mbali tangu zamani, na reli ikapita hapo hapo.

Piga hesabu kabla ya kupakia

Mkulima wa Kidahwe anayetaka kutumia treni ajue kwamba gunia lake litabebwa zaidi ya mara moja: kutoka shambani hadi barabarani, kutoka barabarani hadi stesheni, na kutoka stesheni hadi kwenye behewa. Kila mara kuna ujira wa wapakiaji. Kwa safari fupi, lori hushinda. Kwa safari ya Tabora, Dodoma au Dar es Salaam, treni inaweza kumlipa, hasa wenzake wakichanga mizigo yao pamoja na kujaza behewa zima. Aidha, aulize ratiba mapema, kwani maharage yanaweza kungoja lakini ndizi hazingoji.

Reli mpya inakuja

Suala hili si la historia tu. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa, SGR, kutoka Tabora hadi Kigoma, na Januari 2025 mwingine wa tawi la kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,435, wakati ile ya Wajerumani ina milimita 1,000.

Wazee wa Ujiji hawakuulizwa mwaka 1914. Wakulima na wafanyabiashara wa leo wana halmashauri, vyama vya ushirika na madiwani. Waulize mapema: stesheni ya mizigo itakuwa wapi, kutakuwa na ghala, na barabara ya kuifikia itapita wapi? Behewa likishaanza kupita, ni vigumu kuisogeza stesheni.