Je, Wajua? Unga wa Mkunazi Hulindwa na Ukavu

Je, wajua kwamba unga mkavu wa urembo unaweza kukaa muda mrefu bila dawa ya kuzuia kuoza? Nchini Oman, hadi vijiji vya milimani kama Misfat al Abriyeen, juu ya mji wa Al Hamra, majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kusagwa huoshewa nywele. Vijidudu huhitaji maji huru ili kuzaliana. Kipimo chake huanzia 0 hadi 1: maji safi ni 1, bakteria wengi hukwama chini ya 0.9, na chini ya 0.6 hata kuvu hazikui.

Lakini ukavu hauui. Vijimbegu vya bakteria na kuvu hulala ndani ya unga, na kidole kilicholowa chaweza kuviamsha. Ndiyo maana poda nyingi za kushindiliwa hutiwa kinga kama parabeni au fenoksiethanoli, ambayo Umoja wa Ulaya hauruhusu izidi asilimia 1. Sorbati ya potasiamu nayo hufaa zaidi penye asidi.

Chota kwa kijiko kikavu, funika chombo barabara, changanya kiasi cha kutumia mara moja. Uliolowa ukibaki, umwage.