Waajiri wa TEHAMA Wanamtafuta Nani?

Kila mwaka vyuo vinapofunga, swali huja lilelile, mara kutoka kwa mhitimu, mara kutoka kwa mzazi aliyemlipia ada: ni lugha gani ya programu ya kujifunza ili kupata kazi? Python? Java? JavaScript? Huwa nalijibu polepole, kwa sababu limeanzia mbali na mwajiri.

Tazama ni nani hasa anayeajiri watu wa TEHAMA Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi au Mombasa. Ni benki, kampuni za simu, hospitali, taasisi za serikali, saccos, viwanda, bandari na wauzaji wa jumla. Wengi wao hawauzi programu. Wanauza bima, saruji, sabuni, matibabu. Kompyuta kwao ni njia ambamo fedha na taarifa hupita, na njia hiyo ikiziba kwa saa moja tu hasara huanza kuhesabika. Kwa hiyo wanayemtafuta zaidi ni mtu atakayehakikisha kazi haisimami na hesabu haipotei. Na ikisimama, aweze kusema imesimamia wapi na kwa nini. Lugha ya programu ni mojawapo ya vifaa vyake, wala si cha kwanza.

Nianze na data, maana hapo ndipo ninapowaona vijana wengi wakikwama mbele ya jopo la usaili. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM, alichapisha makala iliyopendekeza taarifa zihifadhiwe katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1974 watafiti wengine wawili wa kampuni hiyohiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakaeleza lugha ya kuyauliza maswali majedwali hayo, lugha ambayo leo tunaijua kama SQL. Tangu wakati huo lugha nyingi za programu zimevuma na kufifia. SQL bado ipo chini ya karibu kila mfumo wa benki, wa hospitali na wa mapato, na anayeimudu hakosi kazi ya kufanya ofisini hata siku moja.

Chukua jambo la kila siku. Mteja amelipia bili kwa simu. Ujumbe umemfikia kwamba fedha zimetoka, lakini kaunta wanamwambia hawajaona kitu. Muamala huo mmoja umeandikwa mahali zaidi ya pamoja: kwenye mfumo wa kampuni ya simu, kwenye mfumo wa benki, na kwenye mfumo wa anayelipwa. Asiyejua SQL huchapisha orodha mbili na kuanza kuweka tiki kwa kalamu. Anayeijua huunganisha majedwali kwa namba ya muamala, akatoa yale yaliyopo upande mmoja na kukosekana upande wa pili. Kwa dakika chache amejua kama aliyekwama ni mteja huyo peke yake au ni wote waliolipa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Majibu ya hali hizi mbili ni tofauti kabisa: katika ya kwanza unapiga simu moja, katika ya pili unaamsha wakubwa.

Kazi ya namna hii imeongezeka kwa kasi kwetu kwa sababu malipo yetu yamehamia kwenye mifumo inayozungumza yenyewe kwa yenyewe. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Tangu mwaka 2017 malipo kwa serikali ya Tanzania yamekuwa yakipitia GePG, mfumo unaompa kila mlipaji namba ya malipo yake. Kenya, Safaricom ina Daraja, jukwaa linaloziwezesha biashara kuunganisha mifumo yao na M-Pesa. Kila duka kubwa, kila shule na kila hospitali inayotaka kupokea fedha kwa njia hizi inahitaji mtu wa kuunganisha, na mtu wa kulinda muunganiko huo usiharibu hesabu.

Upo mtego mmoja katika kazi hiyo ambao sikosi kuuulizia kwenye usaili. Mfumo wa malipo ukituma taarifa kwamba fedha zimeingia na usipopata jibu kwa wakati, unaweza kuituma tena. Taarifa ya pili haimaanishi malipo ya pili. Mfumo wako usipokagua kwanza kama namba hiyo ya muamala imeshaandikwa, utamwingizia mteja fedha mara mbili, na kosa litagunduliwa mwisho wa mwezi hesabu zitakapokataa kulingana. Kinga yake ni kuiagiza kanzidata yenyewe iikatae namba ya muamala ikija mara ya pili. Ni mistari michache tu ya maagizo. Mwombaji anayelieleza hili bila kusukumwa, hata kama hajui lugha tunayoitumia ofisini, namweka juu ya orodha, kwa sababu lugha ataijifunza ndani ya miezi michache.

Excel nayo isidharauliwe, wala isiaminiwe kupita uwezo wake. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, visa 15,841 vya COVID-19 havikuingia kwenye takwimu za kila siku nchini Uingereza. Taasisi ya afya ya jamii, Public Health England, ilikuwa ikipitisha matokeo ya maabara kwenye mafaili ya Excel ya muundo wa zamani wa XLS, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536 kwenye laha moja. Mistari ilipojaa, iliyozidi ikaachwa nje kimyakimya, na watu waliokuwa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Hapakuwa na mdukuzi wala mtambo ulioharibika. Alihitajika mtu wa kuhesabu mistari iliyoingia, akahesabu iliyotoka, kisha akauliza mbona hailingani. Tabia hiyo ya kuhesabu pande zote mbili ni ujuzi wa kazi sawa na ujuzi mwingine wowote, na vyuo vyetu havina budi kuifundisha tangu mwaka wa kwanza.

Sasa twende kwenye lile jibu ambalo kila mwananchi amewahi kupewa dirishani: mtandao unasumbua. Mteja anaweza kulipokea na kurudi nyumbani. Mtu wa TEHAMA hana ruhusa hiyo. Lazima ajue kinachosumbua ni kipi. Ni waya wa ukutani? Ni swichi? Ni huduma ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba? Au diski ya seva imejaa hadi kanzidata ikashindwa kuandika? Au cheti cha usalama kimeisha muda wake? Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini tarehe 6 Desemba 2018 cheti kilichoisha muda ndani ya programu za Ericsson kiliwakatia huduma ya data mamilioni ya wateja wa kampuni ya simu ya O2 nchini Uingereza. Tarehe ya kuisha ilikuwa imeandikwa ndani ya cheti chenyewe tangu siku kilipotolewa.

Kwetu, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Siku kama hiyo fundi aliyeiva hahangaiki kuzima na kuwasha ruta. Anapima hatua kwa hatua: kompyuta za ofisini zinaonana, seva iliyo ndani ya nchi inajibu upesi, zilizo Ulaya hazijibu au zinachelewa mno. Hapo ameshajua tatizo liko nje ya jengo, anamweleza meneja kwa maneno yanayoeleweka, na kama ofisi ina njia ya pili anahamishia huko kazi zisizoweza kusubiri. Mwajiri hulipa vizuri kwa utulivu wa namna hiyo.

Ndiyo sababu kwenye usaili napendelea kumpa mwombaji kompyuta yenye Linux ambayo huduma moja imeharibiwa kwa makusudi, kisha nikakaa pembeni. Nachagua Linux kwa kuwa ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti duniani, na ni ya bure, hivyo hakuna mwanafunzi wa kunyimwa nafasi ya kuizoea kwa sababu ya umaskini. Kasi ya mwombaji hainishughulishi. Natazama kama anausoma ujumbe wa hitilafu mpaka mwisho badala ya kuufunga, kama anafungua kumbukumbu za mfumo, kama anabadilisha kitu kimoja kisha akapima kabla ya kugusa kingine, na kama anaandika alichokifanya ili atakayemfuata asianze upya.

Kuhusu usalama, matangazo ya kazi yanapenda maneno makubwa, wakati mahitaji halisi ni ya msingi kabisa. Kirusi cha WannaCry kilichosambaa duniani tarehe 12 Mei 2017 na kukwamisha hospitali za Uingereza kilipitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Waliovamiwa wengi walikuwa hawajasasisha. Na tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab ilipoteza data ya wateja wake baada ya mhandisi kufuta kwenye seva isiyo yenyewe. Walipokimbilia bakapu, yaani nakala za akiba, wakakuta njia kadhaa walizozitegemea hazifanyi kazi, wakaokolewa na nakala iliyokuwa na umri wa saa sita hivi. GitLab iliyaeleza haya yote hadharani, na nawasihi wahitimu wayasome, kwa sababu yanafundisha kuliko kozi nyingi: bakapu ambayo haijawahi kujaribiwa kurudishwa haina tofauti na kutokuwa nayo. Mwombaji akiniambia kwamba huwa anairudisha bakapu kwenye mashine ya majaribio na kuhakiki kilichomo, namwuliza maswali machache tu zaidi.

Sheria nazo zimeongeza uzito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023; Kenya na Uganda zilitunga zao mwaka 2019. Hospitali haiwezi tena kuacha kila karani afungue jalada la kila mgonjwa, wala duka kukusanya namba za simu na kuzigawa. Anahitajika mtu anayejua kupanga nani aone nini, na kubakiza rekodi ya aliyefungua.

Kuna jambo moja ambalo vijana hulisahau kabisa, nalo ni kuijua kazi yenyewe ambayo kompyuta imewekwa kuisaidia. Mfano mzuri ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011 na Tanzania inautumia kwa taarifa za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Mtaalamu anayeingia kwenye kituo cha afya bila kujua muuguzi anajazaje vitabu vya MTUHA, na kwamba ripoti ya mwezi anaiandaa huku foleni ya kina mama ikimsubiri, atatengeneza fomu nzuri isiyojazwa. Aliyekaa na muuguzi huyo akamsikiliza atajua ni kipengele gani hurukwa na kwa nini. Uwezo wa kusikiliza, kuuliza bila kiburi, na kuandika maelezo yanayoeleweka kwa Kiswahili na kwa Kiingereza unawapandisha watu vyeo kila siku, ingawa hauonekani kwenye vichwa vya matangazo.

Na akili unde? Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma mwezi Novemba 2022, kuandika msimbo wa kawaida kumekuwa rahisi sana, na atakayekataa kuitumia atachelewa kazini. Lakini msimbo ule unaoingiza malipo mara mbili akili unde inaweza kuuandika vizuri tu, ukasomeka safi na ukafanya kazi siku ya majaribio. Kwa hiyo thamani imesogea kuelekea kwa anayeweza kuusoma, kuupima na kuukataa. Anayeanza leo asiiache hatua ya kuelewa kwa kuwa jibu limekuja haraka.

Vyeti vya kitaaluma, kama vile vya Cisco kwa upande wa mitandao, vinasaidia kupita mlango wa kwanza. Baada ya hapo utaulizwa umefanya nini. Kompyuta ya mtumba inatosha kuweka Linux na programu ya kanzidata ya PostgreSQL, zote mbili bila kulipia leseni. Tafuta sehemu halisi iliyo karibu nawe, kikundi cha kuweka na kukopa, duka la dawa, ofisi ya shule, uwatengenezee kumbukumbu zao kwa idhini yao, uzitunze kwa mwaka mzima, na ujifunze kutokana na yatakayoharibika. Mwaka huo utakupa ya kusema kwenye usaili.

Ninalo pia ombi kwa waajiri wenzangu. Acheni kutangaza nafasi ya kuanzia inayodai uzoefu wa miaka mitano na orodha ya teknolojia ambayo hata ndani ya idara nzima haipatikani. Na mwanafunzi anapoletwa kwenu kwa mafunzo ya vitendo, msimpeleke chumba cha kudurufu. Mpeni seva ya majaribio, mpeni hitilafu ya kweli iliyokwisha kutatuliwa aitafute upya, na mumpe mtu wa kumwuliza. Mtaalamu mnayemtafuta kwenye matangazo ya mwakani ni huyohuyo aliyepo ofisini kwenu mwezi huu.