Seva ya Milango Miwili: Riyadh Wanaingia, Jeddah Wamekwama



Nieleze jambo linalowatia lawamani vijana wetu wanaofanya kazi za kompyuta huku Saudia. Ofisi moja ina makao Riyadh na tawi Jeddah, karibu kilomita 950 kwa barabara. Seva yao ya Linux iko Riyadh, ina kadi mbili za mtandao. Ya kwanza, 192.168.10.5, ni ya watu wa jengoni. Ya pili, 10.20.0.5, inatazama laini ya Jeddah. Riyadh wanaingia bila taabu. Jeddah mara wanaingia, mara programu inasubiri wee mpaka inakata. Basi ikasemwa kijana wa Jeddah hajui kazi, kompyuta zake mbovu. Kumbe hazina neno.

Seva kama hii ni nyumba yenye mlango wa barazani na mlango wa uani. Tazama dalili kwanza.

Ikiwa ni mara ndiyo mara siyo, shuku jina. Hapa jina la seva liliandikwa kwenye DNS kwa anwani zote mbili, na DNS huzizungusha: mara hii inatangulia moja, mara ile nyingine. Programu nyingi za zamani hujaribu ya kwanza tu. Ikiangukia 192.168.10.5, mtu wa Jeddah anagonga barazani, na kwake hakuna njia ya kufika huko. Dawa: DNS ya Jeddah itoe 10.20.0.5 peke yake.

Ikiwa hawaingii kabisa, shuku jibu. Mgeni kabisha hodi uani, mwenyeji anaitikia barazani! Manake seva, isipoelekezwa, haikumbuki ombi limeingilia wapi. Inatazama tu jibu linakwenda wapi, kisha inalitoa kwa lango lake kuu, kadi ya kwanza. Fayawoli ya huko haikuona mazungumzo yakianza, inalitupa. Andika `ip route get 10.30.1.20` (anwani mojawapo ya Jeddah) uone kadi gani inatajwa. Ikiwa siyo ya pili, ongeza njia: `ip route add 10.30.0.0/16 via 10.20.0.1`. Iandikwe na kwenye faili la mipangilio, la sivyo seva ikizimwa na kuwashwa njia imepotea.

Si mambo mageni haya. Waraka RFC 1122 wa mwaka 1989 ulishayajadili.

Nanyi mlio matawini, jilindeni. Jaribuni mara kumi kwa jina, mara kumi kwa namba 10.20.0.5, mkiandika saa na matokeo. Namba ikiingia zote kumi na jina likayumba, ipelekeni karatasi hiyo Riyadh. Ubishi utakwisha, na lawama itarudi kwenye seva.