Rangi humnasa mnunuzi, uzito humnasa samaki

WIKI hii, wapenzi wasomaji, tunaacha kidogo mambo ya viwanja, mavazi na nani kaonekana na nani. Tunakwenda majini. Si kuogelea, la hasha. Tunakwenda kuvua.

Usicheke. Wapo vijana wa mjini ambao zamani Jumamosi asubuhi ungewakuta kitandani na hangova. Sasa utawakuta Kunduchi, Mbweni au ng'ambo ya Kigamboni, kofia kichwani, fimbo mkononi, macho yamekodolea maji. Wanasema mawazo ya kazi na ya kodi ya nyumba yanaishia hapo hapo.

Tatizo ni moja tu. Wengi wanarudi mikono mitupu na mfuko umetoboka. Ukiwauliza, watasingizia mwezi, watasingizia upepo, na mwingine atakwambia eneo lile lina mwenyewe. Lakini wapi! Mchawi yumo ndani ya kiboksi chao cha vyambo.

Kwa hiyo leo tuongee habari ya chambo bandia: kipi cha kununua, kipi cha kuacha dukani, na namna ya kukifunga kikae sawasawa.

USANII WA MAJINI

Tunazungumzia kuvua horini, yaani pale bahari inapoingiza mkono wake nchi kavu, au mto unapokutana na chumvi. Watoto wa mjini wanaita kriki. Pana matope, pana mikoko, na maji yanaingia na kutoka mara mbili kila siku.

Humo ndani wamo kolekole, chewa, changu na mzia. Wote ni wala nyama. Wanakula kamba, kaa wadogo, dagaa na watoto wa mkizi.

Chambo bandia ni usanii mtupu. Unamwonyesha samaki kitu kinachofanana na chakula, anaingia mkenge. Si jambo geni mwambao huu. Wavuvi wetu wamefunga manyoya na vipande vya kitambaa kwenye ndoana tangu enzi. Kilichobadilika ni kiwanda. Mwaka 1936 mvuvi wa Finland, Lauri Rapala, alichonga samaki wa gome laini la mti, akamvalisha karatasi ya chokoleti ili ang'ae. Jina lake hadi leo limeandikwa kwenye maboksi ya vyambo dunia nzima. Mwaka 1949 Mmarekani Nick Creme, wa mji wa Akron, akatengeneza mnyoo wa plastiki laini jikoni kwake.

Huyo mnyoo ndiye babu wa hawa samaki wa mpira tunaowaona leo dukani. Jina ni mpira, lakini wengi wao ni plastiki iliyolainishwa kwa mafuta maalumu.

UNAPOINGIA DUKANI

Hapa ndipo vijana wanapoliwa. Ukutani kuna samaki wa mpira wa kila rangi: waridi, dhahabu, kijani kinachowaka, mwenye vimulimuli kama gauni la mwimba taarabu. Kijana anachagua kama anachagua shati la disko. Anabeba pakiti sita, halafu kwenye vichwa vya risasi anachukua chochote kilicho karibu na mlango.

Amekosea mpangilio. Anza na risasi, malizia na rangi.

Kichwa cha risasi ni ile ndoana iliyoyeyushiwa risasi shingoni. Ndicho kinachoamua chambo kitazama wapi na kwa mwendo gani. Samaki wengi wa horini wanawinda karibu na chini. Chambo kikielea juu juu, hawakioni. Kikianguka puu kama jiwe, hakuna kamba wala dagaa aangukaye hivyo, na samaki anashtuka.

Kanuni ni hii: tumia kichwa chepesi kuliko vyote, mradi kinafika chini. Maji ya kiuno yaliyotulia, gramu 3 hadi 5 zinatosha. Mkondo wenye kina cha mita 2 au 3 na maji yanatembea, weka gramu 7 hadi 10. Bamvua likivuta kwa nguvu, unaweza kufika 14.

Utajuaje kimefika chini? Tazama mshipi. Ukitupa, unabaki umekaza kidogo wakati chambo kinazama. Ukilegea ghafla, kimegusa. Kama umehesabu mpaka ishirini na bado hujaona mlegeo, mkondo unakibeba. Badili kichwa, usibadili rangi.

Nunua basi vichwa vya uzito wa aina tatu, viwili viwili au vitatu vitatu. Kwa samaki wa mpira wa sentimita 7 hadi 10, ndoana namba 1/0 hadi 3/0 inamtosha. Ndoana iwe imara na ya maji chumvi. Nyembamba itanyooka kama kibanio cha nywele siku ukimpata chewa wa maana.

NA RANGI JE?

Hatusemi rangi ni bure. Ila pakiti mbili zinakutosha kuanza. Maji yakiwa safi, chukua rangi tulivu: nyeupe, fedha, au hudhurungi ya kamba. Maji yakiwa na tope baada ya mvua, chukua nyeusi au rangi kali, maana samaki anaona kivuli tu.

Kwenye maji hayo ya tope, mkia ndio unaosema. Mkia mpana kama kasia unapiga maji na samaki anausikia mwilini kabla hajauona. Mkia mwembamba ni mtulivu, unafaa maji safi na samaki waliokwisha kushtuka.

KUMFUNGA

Sasa tufike penyewe. Unaweza kuwa na zana ghali kuliko wote pale ufukweni, ukazidiwa na mtoto wa Mtongani aliyefunga samaki wake akanyooka.

Kwanza, mlaze samaki wa mpira pembeni ya ndoana, pua yake ikilingana na mwisho wa kile kichwa cha risasi. Tazama mkunjo wa ndoana unaishia wapi mgongoni kwake. Weka alama kwa kucha.

Pili, ingiza ncha ya ndoana katikati kabisa ya pua. Si juu, si chini. Msukume taratibu kama unavyovalisha mto foronya, ncha ikipita katikati ya mwili.

Tatu, toa ncha mgongoni pale pale kwenye alama. Msogeze mbele mpaka pua ikae kwenye risasi.

Nne, mnyanyue umtazame. Amenyooka? Kama amejikunja au amevimba mgongo, toa na urudie. Aliyepinda anazunguka majini kama pia, mshipi unajisokota, na samaki hawezi kudanganyika na dagaa anayezunguka hivyo. Mvute kwanza hapo miguuni kwako umwone anavyotembea, ndipo umtupe mbali.

Mwisho, mfunge kwa fundo la kitanzi, lile linaloacha duara dogo mbele ya tundu. Fundo linalobana linamtia chambo kitanzi shingoni, anashindwa kucheza.

MIKOKONI KUNA MIZIZI

Changu mwekundu na chewa wanapenda kujificha ndani ya mizizi. Ndoana iliyo wazi, mrushe mara mbili tu na umeshamwachia mkoko sadaka. Hapo inatakiwa ndoana ya kujificha: ile pana isiyo na risasi, yenye shingo iliyokunjwa mara mbili.

Ingiza ncha puani kiasi cha nusu sentimita, itokee chini ya kidevu. Vuta mpaka shingo ya ndoana ijae puani. Geuza ndoana itazame mwili, kisha chomeka ncha kutoka tumboni ipenye hadi mgongoni. Mwisho ivike ncha ngozi nyembamba ya mgongo, iwe imefunikwa tu. Akipita mizizini hakamati kitu. Samaki akimng'ata, mpira unabonyea na ncha inatoka.

VIGUMU NAVYO VIPO

Chambo kigumu, cha plastiki au mbao, kisome ulimi. Ulimi mfupi uliosimama, kinazama kidogo. Mrefu uliolala mbele, kinakwenda chini sana. Hori nyingi ni za maji mafupi, hivyo ulimi mfupi ndio wako.

Kikikimbilia kushoto unapokivuta, usikitupe. Pinda tundu la mbele kidogo sana kuelekea upande unaotaka kiende kwa koleo, ujaribu tena.

Na kama mzia wamejaa, funga kipande kifupi cha waya laini mbele ya chambo. Meno yale hayajui nailoni. Kwa kolekole na changu, sentimita 60 za nailoni nene mwishoni mwa mshipi zinatosha.

Halafu usichanganye vyambo laini na vigumu kwenye boksi moja. Yale mafuta ya mpira yanayeyusha rangi na plastiki ya wenzake. Utafungua boksi ukute uji. Waache kwenye pakiti zao, mbali na jua la kwenye gari.

TARATIBU, MSHIKAJI

Ukishatupa, acha kizame. Nyanyua fimbo kidogo mara mbili, kisha acha kianguke tena. Samaki wengi hunasa kinapoanguka, si unapovuta. Kijana mwenye haraka anazungusha rili kama anakuna nazi ya wageni, halafu anasema hakuna samaki.

Muda wenyewe ni maji yanapopwa. Dagaa na kamba waliokuwa wamejibanza mikokoni wanalazimika kutoka kwa vijito, na wakubwa wanawangoja pale vijito vinapomwaga kwenye mkondo. Tupa juu kidogo ya mdomo wa kijito, chambo kiteremke na maji kama mwenzao aliyechelewa basi. Bamvua mtoko ni mkubwa, kwa sababu Dar maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji mafu, punguza uzito.

WATOTO WA MWAMBA

Sasa tusikilizane vizuri. Wale changu wekundu na kolekole wadogo unaowapata horini ni watoto. Wanakulia mikokoni, wakikomaa wanahamia kwenye miamba, ndiko wanakotaga. Ukimpeleka kikaangoni kila aliye kama kiganja, baada ya miaka kadhaa utakuwa unavua mifuko na chupa. Na si wewe tu. Kuna baba pale Feri anayesomesha watoto kwa hao hao.

Kwa hiyo kwenye vyambo vigumu toa ndoana za meno matatu, weka moja moja. Chukua koleo uubonyeze ule mwiba mdogo unaorudi nyuma ya ncha. Mshipi ukiwa umekazwa samaki hachomoki kirahisi, na ukitaka kumwachia anatoka bila kuchanika mdomo. Hata ikikuingia wewe kidoleni, utashukuru. Wenye ndoana zenye mwiba wanaijua njia ya zahanati.

Lowesha mikono kabla ya kumshika, mrudishe upesi.

Na yule samaki wa mpira aliyechanika, mtie mfukoni urudi naye nyumbani. Haozi. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019 haihitaji wewe uipandie plastiki nyingine kwenye matope.

KABLA HUJATOKA

Uliza ofisi ya uvuvi ya eneo lako habari ya leseni. Bongoyo na Mbudya ni hifadhi za bahari tangu 1975, huko kuvua ni marufuku. Madaraja makubwa na bandari vina ulinzi, usitafute kesi. Na samaki wa mdomo wa Msimbazi mwachie Msimbazi wenyewe. Mto ule unabeba uchafu wa jiji zima.

Vaa viatu vya kufunga, uburuze miguu unapotembea majini ili taa aliyejifukia mchangani akupishe. Ukimpata hongwe, usimshike kwa pupa. Miiba yake ina sumu. Vaa miwani, kwa sababu risasi ikichomoka mzizini inakurudia usoni. Chambo kikinasa, usizungushe mshipi mkononi, utakata nyama. Zungushia kijiti, ndio uvute.

Haya, hesabu yako ni fupi: vichwa vya risasi vya aina tatu, pakiti mbili za samaki wa mpira, ndoana chache za kujificha, nailoni nene, koleo. Ile pesa ya pakiti nne nyingine nunua chai na vitumbua, maana maji yakipwa alfajiri, mama ntilie bado hajawasha jiko.

Na akikucheka mtu kwamba wa kwako hawana vimulimuli, mwache. Mkutane maji yakishapwa, kila mtu na mfuko wake.