Chuma Bubu na Jina Lisilo na Shahidi

Wapo wanaoamini kwamba historia ya ufundi huchimbwa ardhini tu. Imani hiyo ina upungufu.

Tuzitazame silaha za Warumi. Kuna matini fupi ya Kigiriki, inayonasibishwa na Heron wa Aleksandria, ielezayo mtambo wa mkononi wa kurushia mishale, uliopata nguvu kutokana na kamba zilizosokotwa. Sehemu zake kuu zina majina yaanzayo kwa herufi K. Mnamo 1906 Rudolf Schneider alidai kuwa hayo yalikuwa masalio ya kamusi, wala si maelezo ya silaha moja. Katika miaka ya 1970 vikatangazwa vyuma vilivyofukuliwa Gornea na Orşova, nchini Romania, navyo vikalingana na vipande vilivyotajwa. Maneno yalitangulia, vyuma vikayashuhudia.

Ng'ambo ya ziwa letu, mkoani Kagera, vitu ndivyo vilivyohitaji shahidi. Mabaki ya matanuri ya kale yalifukuliwa huko, lakini vigae havisimulii kazi. Mnamo 1976 wazee wa Kihaya, waliowahi kuyeyusha chuma ujanani, walijenga tena tanuri mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery. Walifinyanga matope ya kichuguu, wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani ya moto. Mwaka 1978 watafiti hao waliandika kwamba wahenga wa Wahaya walitengeneza chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kwa hewa iliyopashwa joto mirijani. Suala hilo la hewa limebishiwa na wataalamu wengine. Hata hivyo, bila wazee pasingekuwa na la kubishania.

Je, sisi wa Mamboleo na Kisumu nzima? Mwanafunzi hujibu mtihanini kwamba mhunzi hufua chuma. Mwulize mvukuto una sehemu ngapi, na jatheth wa kijijini kwao huziitaje kwa Kidholuo, atanyamaza.

Walimu wenzangu, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuwatume vijana kwa wahunzi, wasuka nyavu na waunda mashua. Waandike jina la kila kifaa, kila sehemu yake na kila kitenzi cha kazi, kisha wachore. Jina lisilo na kifaa hushukiwa. Kifaa kisicho na jina huwa bubu. Wazee wangalipo, tuwaulize.